Zamu ya Mama Satu

Saturnina Palomino alipika katika jiko la akina mama kwa miaka ishirini na sita, kila Jumanne na Ijumaa, wala hakuna aliyewahi kumuuliza umri wake. Waliuliza siku alipounguza dengu.

Jiko lenyewe ni kibanda cha mbao ubavuni mwa kilima, kusini mwa Lima, mji mkuu wa Peru, ambako maji huletwa na lori na ukungu ukija hukaa miezi mitano. Akina mama hupika kwa zamu, na mwenye zamu hula bure. Wengine huchangia kidogo. Waliolemewa kabisa, wagonjwa na wazee, majina yao hubandikwa ukutani na wao huitwa "kesi". Kesi hapiki wala hachangii, anakuja na bakuli lake anapakuliwa. Hakuna ubaya wowote. Ila jaribu kuitwa wewe.

Jumanne hiyo ya dengu Saturnina aliketi juu ya gunia la viazi, kidogo tu, apumzishe miguu. Usingizi ukamchukua, mwiko mkononi. Delfina, mwenyekiti wa jiko, alikuwa nje akigombana na mtu wa lori la maji, na harufu ndiyo iliyomrudisha mbio. Dengu za watu tisini zilikuwa zimeshika chini, nyeusi ti. Watoto wa shule wakala wali mtupu.

Wiki hiyohiyo alikuja msichana wa chuo kuwafundisha akina mama kinachomsukuma binadamu. Akatundika picha ya piramidi: chini kabisa chakula na usingizi, juu yake usalama, kisha kupendwa, kisha heshima.

"Mtu hapandi ngazi ya pili kabla hajatimiza ya kwanza," akasema.

"Binti, huku kwetu ngazi ni mia na sitini kabla hujafika mlangoni kwako!" akadakia mmoja, na kibanda kizima kikacheka.

Delfina akaikamata nafasi. "Umesikia, Mama Satu? Tumbo kwanza, na usingizi. Tumekuandika kwenye orodha ya kesi, upumzike sasa."

"Nani kasema nimechoka?"

"Dengu zimesema, mama."

Wakacheka tena, hata Saturnina mwenyewe. Alipopanda ngazi hadi nyumbani kwake, hakucheka tena.

Kwamba alichoka ni kweli. Alichoka mpaka mifupani, uchovu ambao mtu hulala nao na kuamka nao, na kuna alfajiri alizoshuka zile ngazi akiomba jiko lote liporomoke ili arudi kitandani. Sasa amepewa hicho kitanda, na hakitaki. Mumewe alikufa zamani. Mwanawe yuko Chile, hupiga simu Krismasi. Duniani kote palikuwa na mlango mmoja tu ambapo watu walipanga foleni wakimwita, "Mama Satu, leo kuna nini?" Hilo yule msichana hakulichora popote.

Hakushuka kuchukua chakula. Siku ya kwanza alikula mahindi ya kukaanga, ya pili yaliyobaki, ya tatu akanywa maji ya moto yenye majani ya mlimani, akajiambia yanatosha. Hayakutosha. Njaa ilimtia hasira, na hasira ikamchosha zaidi.

Siku ya nne Delfina akapanda mwenyewe na goti lake bovu, bakuli limefungwa kwenye kitambaa. Aliingia bila hodi, akaliweka mezani, akaangukia kiti akihema.

"Kula."

"Sikuomba."

"Najua hukuomba, Mama Satu. Kula basi, nirudi. Sufuria zote zinanisubiri."

Saturnina akafungua bakuli. Dengu, wali, kipande cha samaki. Mate yakamjaa, akaona haya. Ndipo akamtazama Delfina vizuri: midomo mikavu, macho hayatoki kwenye bakuli. Kule jikoni mpishi hula wa mwisho, na siku nyingi akifikia kula sufuria imeshakwanguliwa.

"Wewe umekula nini leo?"

"Nitakula."

"Nimekuuliza umekula nini."

Delfina akatazama mlango. Saturnina akainuka, akatoa sahani ya pili, akapakua nusu kwa mkono uliozoea, akaongeza kidogo, na samaki akamweka upande wa mgeni. Hakuna aliyemwongoza. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne kifua kilimlegea.

"Mama, hiki ni chako!"

"Kimeshafika kwangu. Ninakigawa ninavyotaka. Kula."

Delfina akala kwa pupa, kama mtu aliyesahau kuwa na yeye ana tumbo. Saturnina alisubiri mpaka mwenzake alipofika katikati ya sahani, ndipo akaanza ya kwake.

"Jina lako bado liko ukutani," Delfina akasema hatimaye, macho chini. "Ukitaka nitalifuta."

Saturnina akafikiria zile ngazi, zile alfajiri, lile gunia la viazi.

"Liache," akasema. "Lakini chakula changu uniletee wewe, na uje na njaa."