Bwawa Lililomhamisha Mama

Kaka yangu Faustini alinipigia simu akaniomba niende Endamarariek nikamsomee barua. Kusoma anajua vizuri sana, ndiye katibu wa kamati ya kijiji ya mradi wa bwawa la umeme. Alitaka tu macho mengine yaipitie, pengine itasema jambo tofauti.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Arusha kwa kosta. Kuanzia Makuyuni magari ya watalii yalitupita mfululizo kuelekea Ngorongoro, na kwenye mlima wa Mto wa Mbu tulitambaa nyuma ya lori la saruji. Nilifurahi, nikidhani inakwenda bwawani. Iliishia kwenye hoteli mpya pale Rhotia.

Saa tano nilikuwa Karatu, nikachukua bodaboda. Dereva aliposikia naenda bwawani alicheka.

"Bwawa gani, sista? Pale kuna shimo tu."

Alisema kweli. Ukuta wa zege umefika kiunoni mwa mtu, nondo zimeota kutu na mbuzi wamelala kivulini. Ubao wenye bendera mbili, yetu na ya wafadhili, bado umesimama. Nilitamani kuutemea mate.

Kaka nilimkuta kwenye kibanda cha mabati, kando ya msingi wa nyumba yake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Soma kwanza."

Barua ilisema wafadhili wamesimamisha fedha hadi tathmini mpya ikamilike, na kwa sasa bonde ni mali ya mradi, hakuna ruhusa ya kujenga wala kulima. Niliisoma mara mbili.

"Ni hivyo hivyo, kaka," nikamwambia. Akaikunja, akairudisha mfukoni.

Mradi uliwapa watu wa bondeni viwanja kule Daa na kuahidi kuwajengea. Wengi walisita. Kaka, kwa kuwa ni katibu, akaamua kuonyesha mfano. Alibomoa nyumba, na kabla hata ya hapo alimhamisha mama. Kwetu mzazi huzikwa pembeni mwa nyumba, na yeye aliona aibu mama awe wa mwisho kuondoka maji yakija. Majirani waliosita wamo majumbani mwao hadi leo, na mbaazi zao wamepanda, barua au hakuna barua. Kaka alitii hata hapo. Nilimwonea huruma, na kusema kweli nilimkasirikia pia.

Jioni, tukila ugali, aliuliza taratibu, "Tumrudishe mama?"

Wifi hakuinua uso. "Katekista amekataa. Amesema marehemu si mbegu ya viazi, achimbuliwe kila msimu."

Kesho yake asubuhi, nikirudi, nilipitia Daa nisafishe kaburi. Kaka hakutaka kuja. Njiani niliwaza kwamba nimejifunza jambo moja: mradi ukikwama, anayeumia zaidi ni yule aliyeuamini mapema. Kiwanja chetu kilikuwa pori tupu, ila kaburi limepaliliwa vizuri. Mama mmoja jirani alikuja na jembe lake, tukasalimiana.

"Mimi ndiye ninayempalilia," alisema. "Nyie wenyewe mnahamia lini? Mama wa watu anakaa peke yake kama hakuzaa."

Nilimwambia tutahamia baada ya mavuno. Kaka hajapanda hata shina moja mwaka huu.