Goti Lililotamani Nakuru

Mume wangu alipopata uhamisho kutoka Nakuru kwenda Molo, mama yake alikataa kuaga mtu. Alisema wanaoagana ni wale wasiotarajia kuonana tena, na yeye alikuwa anakwenda tu kuona mwanawe anapelekwa wapi, kisha arudi chumbani kwake, mtaa wa Bondeni. Akafunga mlango, akauficha ufunguo ndani ya kitambaa chake cha kichwa, akapanda treni pamoja nasi. Mwezi haukuisha kabla ya chumba kile kupewa watu wengine. Tulipomletea habari hiyo alisema sawa, lakini ufunguo hakuurudisha.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, na mimi nilikuwa bado bibi harusi wa juzijuzi. Mume wangu alifanya kazi ya reli, ya kuzigeuza njia treni zinapopishana. Pale stesheni ya Molo tulipewa nyumba ya vyumba viwili na jiko la peke yake nyuma. Mama alichagua jiko. Kwanza, kwa desturi yetu sisi watu wa Magharibi ya Kenya, hangeweza kulala chini ya paa moja na mwanawe na mkewe. Pili, moto ulikuwa huko. Kutoka jikoni humo alitutawala sisi, na akajaribu kuitawala Molo nzima.

Hakuna kitu cha Molo kilichomridhisha. Ukungu ulikuwa moshi wa watu wavivu wasiojua kukausha kuni. Viazi vilikuwa vikubwa kupita kiasi, na kitu kikubwa hivyo, alisema, hakiwezi kuwa na utamu ndani. Kondoo wa wazungu walipopita ng'ambo ya reli, aliwatazama kwa wivu na kusema Mungu anawapenda, maana amewaleta duniani na makoti yao. Halafu angeanza: Nakuru jua linatoka mapema. Nakuru unga ni mweupe. Siku moja nilimsikia akimwambia mke wa stesheni masta kwamba hata vumbi la Nakuru lina afya, linakausha kikohozi. Tulipokuwa Nakuru nilikuwa nimemwona mama huyohuyo akifua shuka moja mara mbili kwa siku kwa sababu ya vumbi hilo, na maneno aliyolitolea wakati ule hayakuwa ya mtu wa kanisa.

Mimi pia niliikumbuka Nakuru, ila sikuwa na mtu wa kumwambia, maana zamu ya kulalamika ilikuwa imeshikwa. Nilikumbuka mafundi cherehani kwenye veranda za maduka, na upepo wa jioni ukitoka ziwani na ile harufu ambayo wageni huziba pua na wenyeji husema haipo.

Lakini kulikuwa na jambo lililonishangaza. Mama alianza kuwasahihisha watu Kiswahili. Yeye, ambaye alisema "nyumba hii ni mzuri" maisha yake yote bila kuona haya. Muuza maziwa akisema, "Mama, ng'ombe yangu imekataa kutoa maziwa," yeye angemkatiza: "Ng'ombe wangu amekataa. Kwanza jifunze kusema, halafu uje ulalamike." Muuza maziwa alisema asante, akaondoka. Mimi nilijua maneno hayo yametoka wapi.

Yalitoka kwa jirani yake wa Bondeni. Huyo alikuwa mama wa Kinubi, mjane kama yeye, ambaye marehemu mumewe alikuwa askari zamani. Alisuka kawa za rangi za kufunikia vyakula, na Kiswahili chake kilinyooka kama mshono wa mashine. Milango yao ilitazamana. Wawili hao waligombana kuanzia alfajiri hadi magharibi, juu ya kamba ya nguo, juu ya maji ya kufulia yaliyomwagwa upande usiofaa, na zaidi juu ya kuku. Mama angetoka nje na kutangaza, "Kuku yako imekula mboga yangu." Mnubi angejibu akiwa ameketi, bila kuinua macho kutoka kwenye kawa yake, kwamba kuku ni kiumbe, si meza, na kwamba hatajibu mashtaka mpaka yaletwe kwa lugha ya watu. Mama alikasirika, akarudi ndani akibamiza mlango. Siku tuliyohama alisema kitu kimoja tu alichokuwa akishukuru, nacho ni kuachana na mwanamke yule.

Basi goti likaanza kuuma.

Lilianza polepole, mwanawe akiwa nyumbani, na likapoa alipokuwa kazini. Nilimwona kwa macho yangu akipanda ua wa mbao kumfukuza mbuzi, kisha jioni akiingia kula huku akishikilia ukuta. Mume wangu akapendekeza dawa ya kuchua. Mama akasema goti hili linahitaji daktari wa Nakuru, kwa sababu lilizoea Nakuru. Mume wangu alinitazama, nami nikatazama sufuria. Mwishowe akatuombea tiketi za familia za wafanyakazi wa reli, akaniagiza nimsindikize mama na nimshike mkono kila penye ngazi.

Nilivaa koti langu zito jeusi, nguo nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo. Tulishuka na treni tukipita Elburgon na Njoro, na kadiri tulivyoteremka ndivyo mama alivyozidi kuongea. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, na askari walipanda mabehewani kuuliza watu wanakotoka na wanakokwenda. Watu wakatazama sakafu. Askari alipofika kwetu, mama alianza kumweleza habari za goti tangu mwanzo, akaliuliza goti lenyewe mbele yake kama ni uongo, akataka kuinua gauni ili alionyeshe. Yule kijana wa watu alitupita haraka bila kuuliza neno. Mzee mmoja aliyeketi mbele yetu aligeukia dirishani, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

Tulipofika Nakuru, mama alishuka kabla yangu. Nilinyoosha mkono kumshika, nikakuta ameshafika kwenye lango la stesheni na kikapu chake cha viazi kichwani. Nikamkimbilia. Jua la Nakuru lilikuwa lile analolisifu, na mimi nikiwa ndani ya koti la Molo nililowa jasho kama mtu aliyenyeshewa. Katika veranda ya maduka, fundi mmoja niliyemjua kwa sura, aliyewahi kunishonea gauni, alinitazama kuanzia koti hadi viatu vyenye tope jeusi. Akaniuliza kwa huruma kama nimepotea na kama ni mara yangu ya kwanza kufika mjini. Nilitaka kumjibu kwamba mimi ni wa hapahapa. Lakini mama alikuwa ameshapotea mbele, na mtu wa hapahapa hasimami kujieleza huku anatoa jasho. Nilimwambia ndiyo, ni mara ya kwanza, naenda Bondeni. Akanielekeza Bondeni kwa adabu sana, na akanionya nijihadhari na wezi.

Nilimkuta mama mbele ya chumba chake cha zamani. Alikuwa ametoa ufunguo kwenye kitambaa na anauingiza kwenye kufuli mchana kweupe. Nilimwita, lakini ufunguo ulikuwa umeshazunguka. Mlango ukafunguka. Ndani kulikuwa na mwanamke kijana anachagua mchele kwenye ungo. Aliinua uso, akaona mwanamke mzima amesimama mlangoni na ufunguo mkononi na kikapu kichwani, akasema kwa upole, "Karibu, mama."

Mama mkwe wangu aliutazama ufunguo, kisha akamtazama yule mwanamke. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kukaribishwa. Nyuma yetu, upande wa pili wa kijia, sauti ikasema taratibu:

"Mwizi wa siku hizi anakuja na ufunguo wake."

Mama hakugeuka mara moja. Niliuona mgongo wake ukinyooka, goti na yote. Kisha akajibu kwamba afadhali mwizi mwenye ufunguo kuliko jirani mwenye mdomo. Mnubi akasema anaona Molo imemnenepesha lakini haijamfundisha kubisha hodi. Mama akasema kuku yake bado iko hai, anaiona pale, imekonda kama mwenyewe. "Kuku wangu yuko hai," akasema Mnubi, na akamsogezea kigoda.

Waligombana mpaka adhuhuri. Nilikaa katikati yao nikimenya viazi vya Molo, kwa sababu Mnubi alisema atavipika ili atuonyeshe jinsi visivyofaa. Walirudia kesi zote za zamani moja baada ya nyingine: kamba, maji, mboga. Ilipofika ile ya kuku, mama alisema maneno yote kwa ngeli sahihi, kwa makusudi, akimkazia macho.  Mnubi aliishika kawa yake akawa anatafuta uzi ambao ulikuwa mkononi mwake. Halafu akamnong'oneza mama, akimwonyesha kwa kidevu yule mwanamke kijana wa mlango wa pili:

"Unamwona yule? Nimemwambia maji yake yananiingilia. Akasema pole, akaja kunipigia deki. Nimemwambia mtoto wake analia sana. Akasema pole. Utaishi vipi na mtu wa namna hiyo?"

Mama alitikisa kichwa kwa masikitiko makubwa, kama anayepewa habari za msiba. Akamwambia, "Huko kwetu wote ni hivyo. Nimewakosoa mpaka nimechoka. Wanasema asante."

Wawili hao wakageuka, wakamtazama kuku.

Chakula kilipoiva ndipo nilipoona maajabu. Mnubi alionja kiazi, akasema si kibaya sana kwa kitu kilichotoka kwenye tope. Mama akakasirika. Alianza kuitetea Molo kama aliyezaliwa pale. Alisema tope la Molo ni jeusi kama masizi na ukitupa mbegu leo unavuna kesho. Maziwa ya huko yana malai ya kukata kwa kisu. Hewa yake inamrudisha mzee ujanani, mtazame yeye mwenyewe amekuja mbio kutoka stesheni. Kondoo, akasema, ni wengi na wapole. Na baridi? Mnubi alimuuliza. Mama akasema hakuna baridi ya kusimulia, ni kaubaridi tu ka kumfanya mtu alale vizuri.

Nilikohoa. Mama akaniambia ninywe maji.

Kwa daktari hatukwenda. Tuliporudi jioni na mume wangu akauliza daktari amesemaje, mama alijibu bila kupepesa macho kwamba amesema tumekwenda wakati mzuri, ila goti linahitaji kutazamwa mara kwa mara. Mume wangu akasema vizuri. Akaniambia faraghani kwamba asubuhi ile, treni ilipokuwa inaondoka, alimwona mama mlangoni mwa behewa akiwa amesimama kwa mguu mmoja ili ampungie mkono vizuri, na mguu wenyewe ulikuwa ule mgonjwa. Alikuwa anajua tangu mwanzo. Nilimuuliza mbona alituombea tiketi. Alisema amekaa na mama yake miaka mingi kuliko mimi, na ugonjwa wa kutamani ugomvi anaufahamu.

Baada ya Krismasi Mnubi akaja Molo. Alisema amekuja kuyakagua yale maziwa, na kwamba hatakaa. Alileta kawa moja nyekundu na kijani ya kufunikia chakula chetu, kwa sababu alikuwa na hakika tunakula na nzi. Wakalala wote wawili jikoni. Jioni nzima sauti zao zilipita ukutani, na mume wangu akalala usingizi mzuri kuliko siku zote tangu tuhamie pale, kwa sababu kwa mara ya kwanza hakuna aliyekuwa anamlalamikia yeye.

Januari ni mwezi wa anga kavu huko juu. Anga ikikosa mawingu usiku, alfajiri nyasi zote huwa nyeupe kwa barafu nyembamba. Sisi tulikuwa tumeshazoea. Kesho yake mama aliamka mapema, akachungulia nje kupitia ufa wa mlango, akarudi kitandani, akajifunika gubigubi na kukoroma kwa sauti isiyokuwa yake. Mnubi aliamka kwa ajili ya sala. Akachukua birika la kutawadhia, akatoka miguu mitupu.

Kelele zilizofuata zilimtoa stesheni masta nyumbani kwake akiwa na taa. Nilikimbilia uani nikamkuta Mnubi ameganda katikati ya majani meupe, amekunja mguu mmoja kama ndege heroe wa ziwani, anauliza kwa Kiswahili chake kilichonyooka ni nani mpumbavu aliyemwaga chumvi yote hii. Kutoka jikoni mkoromo ulikuwa umekatika, na badala yake ilisikika sauti ya mtu anayeng'ata blanketi.

Mnubi aliisikia pia. Alitazama mlango wa jikoni kwa muda. Kisha akainama polepole, akakwangua barafu kwenye nyasi mpaka kiganja chake kikajaa, akanipa birika nimshikie. Akaingia ndani akinyata, kwa adabu zote, akaufunga mlango nyuma yake.