Maskini Anayestahili

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Bi Pasi, na si kwa sababu ya kazi peke yake. Ulimi wake nao ulikuwa na moto wake. Miaka ishirini na sita alisimama mbele ya meza ile ile akinyoosha mashuka ya wodini, na katika miaka yote hiyo hakuna msimamizi aliyemchokoza akaondoka bila jibu. Kwa hiyo alipotangaza, akiwa na miaka hamsini na miwili, kwamba amejiandikisha darasa la watu wazima ili afanye mtihani wa sekondari, wenzake walicheka mpaka wakakalia matenga ya nguo chafu.

"Dada, kwani hizo foronya siku hizi zinadai cheti?" aliuliza mwenzake wa mashine ya kukaushia.

"Foronya hazidai. Ninayedai ni mimi."

Darasa lilikuwa la alasiri, kwenye shule ya watoto, na madawati yalikuwa mafupi hivi kwamba watu wazima walikaa magoti yakikaribia videvu. Walikuwa tisa. Mwalimu wao wa fasihi alikuwa kijana ambaye Bi Pasi angeweza kumzaa, hodari ila mwenye haraka. Muhula ule walipangiwa riwaya nene ya Kiingereza, ya enzi za Malkia Viktoria, inayosimulia mafukara wa mji mkubwa wenye moshi na viwanda. Mwalimu alijua Kiingereza cha kale cha kitabu hicho kingewatoa jasho, basi kabla hawajafungua ukurasa wa kwanza akawagawia karatasi yenye maneno arobaini, kila neno na maana yake kwa Kiswahili.

Wakaanza kuyapitia moja moja. Walipofika kwa mfagia dohani, mlinzi wa benki aliyekaa nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mtu mzima anaingia ndani ya bomba la moshi?"

"Hapana, hatoshi. Waliingizwa watoto."

"Basi neno nimelielewa. Ambaye sijamwelewa ni mwenye nyumba."

Neno la nyumba ya kazi liliwachukua muda. Mwalimu alieleza kuwa si kiwanda. Ni mahali walipopelekwa wasio na mbele wala nyuma. Walipewa chakula na pa kulala, lakini mume aliwekwa kwake na mke kwake, kazi zikawa ngumu makusudi, ili mtu mwingine asitamani kuja.

"Yaani msaada wa kumkomesha mtu asiombe msaada," alisema Bi Pasi.

Mwalimu akacheka, akaliandika ubaoni kama alivyolisema. Kisha akaendelea kusoma. "Neno la kumi na tisa. Maskini anayestahili: mwenye tabia njema, anayefaa kusaidiwa."

Wengine walikuwa wameshahamia neno la ishirini. Bi Pasi alibaki palepale, kidole juu ya karatasi.

"Anayepima ni nani?" aliuliza.

"Samahani, mama?"

"Huyo maskini. Anayempima kuwa anastahili ni nani? Na anampima kwa nini, kwa kibaba?"

Mwalimu aliitazama tena karatasi yake. Akasema kulikuwa na kamati za watu wenye uwezo, walizunguka majumbani kukagua.

"Hizo nazijua," alisema Bi Pasi, akalipigia neno lile mstari.

Siku alipoijua kamati ya namna hiyo, Bi Pasi alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alikwisha kufa, mama akawalea kwa cherehani. Bi Pasi alikuwa amefaulu kwenda sekondari, ikabaki kupata wa kumsomesha. Ilikuwapo kamati ya msaada, na kamati ile ilikuwa na utaratibu wa kufika nyumbani kuona kama shida ni ya kweli. Asubuhi ya ukaguzi mama alibeba cherehani, akaipeleka kwa jirani, akatandika mkeka pale ilipokuwa ikikaa, wasionekane wana mali.

Wakaja akina mama wawili na daftari. Mmoja wao alikuwa na sauti laini. Akamshika binti bega, akamwambia, "Gauni lako zuri. Nani kakushonea?"

"Mama."

"Kwa mkono?"

"Kwa cherehani," alisema mtoto, na fahari ikamtoka usoni.

"Cherehani yenyewe iko wapi?"

Alimtazama mama yake. Mama alikuwa anatazama mkeka. Mtoto huyu hakuwa amezoea kusema uongo, akasema, "Iko kwa jirani. Leo tu."

Yule mwenye sauti laini akaandika. Orodha ya watoto wa kusomeshwa ilipotoka, jina la binti halikuwamo. Mama alikaa siku tatu bila kusema naye, na mwaka haukuisha binti akawa anafua nguo za watu.

Alilibeba jambo lile miaka arobaini, hakumwambia mume wala wanawe. Lakini Jumapili iliyofuata baada ya darasa alikwenda kwa mama yake na ile karatasi mkononi. Bibi kizee alikuwa mlangoni akirekebisha pindo la shuka, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Bi Pasi akamsomea neno la kumi na tisa, akamweleza maana yake.

"Mama, mimi ndiye niliyeiharibu siku ile."

Mama aliendelea kushona, sindano ikaingia na kutoka mara mbili tatu.

"Umelala na jambo hilo miaka yote hii?"

"Ulininunia siku tatu. Nilijua umenikasirikia."

"Nikukasirikie wewe?" Mama akaivua miwani. "Niliona haya, mwanangu. Nimekulea nikikwambia usiseme uongo, halafu siku hiyo mimi ndiye nimeficha na wewe ndiye umesema kweli. Ningekutazama kwa jicho gani?"

Bi Pasi alikaa chini kizingitini. Alilia kidogo, bila kelele, na mama akamwacha alie. Kisha mama akauliza, "Na huyo maskini wa kitabuni, mwisho wanamsaidia?"

"Sijafika mwisho, mama."

"Basi soma. Uje unieleze."

Tangu hapo kila Jumapili alikwenda na sura moja, akimsimulia kwa Kiswahili. Mama aligombana na karibu kila mtu wa kitabuni, hasa yule tajiri anayetubu sura za mwisho. "Huyu angetubu mapema, watu wasingekufa," alisema. Bi Pasi aliandika hoja hiyo katika mtihani, kwa maneno yake mwenyewe, kurasa tatu nzima.

Fasihi akapasi vizuri. Hesabu ikamwangusha, akajiandikisha kuirudia. Kuhusu ile orodha ya maneno, swali la Bi Pasi lilimfanya mwalimu aibadilishe. Darasa lililofuata lilikuta mbele ya neno la kumi na tisa maelezo mapya: maskini aliyependeza macho ya mkaguzi.

Wenzake wa kufulia wakamwomba nakala moja ya orodha hiyo mpya, wakaibandika ukutani juu ya matenga.