Viatu vya Mkuu wa Ghala

Mkuu wetu wa ghala hapa bandari ya Chattogram, Bangladesh, hulipima kontena la magunia ya chai kwa shubiri kila asubuhi, utadhani limesinyaa usiku. Kisha hutafuna tambuu na kulalama: "Tukitumia paleti, magunia mengine yatakosa nafasi. Tusipotumia, chai italowa." Tukiyapanga kwenye paleti, yale majukwaa ya mbao ya kuinulia mizigo, anataka tuyateremshe, tukiyateremsha, anauliza nani kayateremsha. Leo mvua imeanza kuingia mlangoni, naye bado anawaza. Jashim, mpagazi mwenzangu, akachoka: "Bosi, amua basi, au tulete na sukari kabisa, maji ndiyo hayo." Mkuu alivua viatu asije akaikanyaga chai navyo, akapanda juu ya magunia kupima tena. Maji yalipoyafikia magunia ya chini, tuliangalia viatu vyake. Alikuwa ameviweka juu ya paleti.