Siku Nilipompeleka Binti Yangu Shule Akiwa Amenyolewa

Mimi ni fundi wa lifti, na kazi hii imenizoesha kuchungulia majengo ya watu. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa peke yangu Riyadh, nikitengeneza lifti za maofisi ya mtaa wa Olaya, na katika majengo yote niliyoyapita, lililonisumbua akili ni moja ambalo halikuwa hata na lifti. Ilikuwa shule ya wasichana, nyuma ya nyumba tuliyopangiwa na kampuni. Ukuta mrefu, madirisha juu kabisa, geti la chuma. Adhuhuri akina baba walipanga magari, bawabu akashika kipaza sauti na kuita jina la familia, binti akatoka. Akaita jingine, akatoka mwingine. Ndani sikuwahi kuona hata kivuli. Nilikuwa nikisimama kuangalia mpaka mwenzangu wa chumbani, Mkenya, akanionya: "Bro, uko na udaku sana. Utashikwa."

Sikushikwa. Kampuni ilinihamishia Jeddah, nikaruhusiwa kuleta familia, tukapanga vyumba viwili mtaa wa Al-Hindawiyah, na mke wangu akapata kazi ya uuguzi. Binti yetu alikuwa na miaka tisa. Alikuwa amemaliza darasa la tatu Tanga, na tangu afike alikuwa anakaa nyumbani, akifundishwa Kiarabu na jirani yetu Msudani, mama mtu mzima mwenye subira kunishinda mimi mara kumi. Tulimtakia shule ya serikali, na hapo udaku wangu ukapata kazi halali.

Nilikwenda ofisi ya elimu nikidhani nitauliza swali moja. Nyuma ya karani kulikuwa na ramani ya mitaa yetu yote, imejaa vidoa vya rangi. Nikauliza vya kijani ni nini. Shule za wavulana. Vya zambarau je? Za wasichana. Kumbe mitaa ni ileile, lakini walimu ni mbali, wakaguzi mbali, mageti mbali. Msingi ni miaka sita, shule ya kati mitatu, sekondari mitatu, na wiki inaanza Jumapili. Mtoto husoma mtaa anaokaa, kwa hiyo mzazi wa mtaa wa Karantina hawezi kuamka tu akampeleka mwanawe shule anayoipenda mjini. Nikauliza nani anaamua kila shule ipokee watoto wangapi wa wageni. Nikauliza viti vikivunjika anaitwa nani. Nikauliza kama wasichana wanacheza mpira.

"Ya akhi, ndugu yangu," karani akasema, "wewe ni mkaguzi?"

"Hapana, ni baba tu."

Akacheka, akaniagizia chai. Kisha akaniambia lililonipeleka pale. Shule ya mtaani kwetu ilikuwa imebakiwa na nafasi moja tu ya mtoto wa kigeni, darasa la nne. Binti afike mwenyewe Jumapili, saa mbili kamili asubuhi, apimwe kusoma na kuandika. Asipofika, anaitwa anayefuata kwenye orodha.

"Na yeye basi?"

"Halas. Mpaka mwaka ujao."

Jumamosi jioni nilifanya anachofanya mzazi yeyote wa Kitanzania shule zikikaribia kufunguliwa. Kwetu shule ya serikali na nywele haviendi pamoja. Awe wa kiume awe wa kike, mtoto anafungua shule kichwa kinang'aa, na mwenye nywele anarudishwa nyumbani akanyoe. Nilikulia hivyo, na dada zangu walikulia hivyo. Nywele za binti yangu zilikuwa zimerefuka katika miezi ile ya kukaa nyumbani, na mama yake alikuwa akimsuka kila wiki. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikafumua, nikawasha mashine, nikamnyoa. Mke wangu aliporudi kazini alimgeuza kichwa upande wa taa, akasema kitu kimoja tu: "Hapa nyuma umeacha." Akamalizia mwenyewe kwa wembe.

Asubuhi mke wangu aliwahi zamu, nikaenda na binti yangu. Sare tulikuwa hatujanunua, maana hujui kama mtoto atapokewa, kwa hiyo alivaa shati jeupe la mikono mirefu na suruali nyeusi. Saa moja na nusu tulikuwa getini.

Bawabu alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. Akasoma barua ya karani, akatazama nyuma yangu.

"Binti yuko wapi?"

"Huyu hapa."

"Huyu walad," akasema. Mvulana. "Walad hapa mafi, hakuna. Shule yao mtaa wa pili. Yalla."

Nikatoa ikama ya mtoto, kibali chake cha kuishi. Akaisoma, akamtazama, akaisoma tena. "Karatasi ni ya binti, mtoto ni wa kiume. Umeleta karatasi za dada yake?"

Nilipandisha hasira. Nilisema maneno ya Kiswahili ambayo namshukuru Mungu yule mzee hakuyaelewa. Kiarabu changu ni cha nyaya na misumari. Naweza kukwambia waya umekatika wapi, lakini kueleza kwa nini nimemnyoa binti yangu kichwa kizima, hasira zilinipotezea maneno.

Ikawa saa mbili kasoro dakika kumi. Akina baba wengine walikuwa wanashusha mabinti zao, wengine mikia miwili ya nywele, wengine utepe, wengine zimeachiwa mgongoni. Hakuna hata mmoja aliyenyolewa. Kila aliyepita alimtazama wangu kichwani, na wangu akatazama chini. Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Nilimwonea huruma, na nafasi ile moja nikaiona inakwenda zake kwa mkono wangu mwenyewe.

Bawabu akabonyeza kengele. Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye kispika ukutani, ikasema ni mwalimu mkuu msaidizi, kuna nini. Akaelezwa. Akataka kuongea na mimi, nikamwacha binti yangu nyuma penye magari nikasogea kwenye kispika.

"Mtoto ni mgonjwa?"

"Hapana, ustadha."

"Ana chawa?"

"Hapana. Kwetu watoto wananyolewa ndiyo wanakwenda shule."

"Wasichana pia?"

"Wasichana pia."

"Kwa nini?"

Mimi mwenye maswali yote yale, hilo sikuwahi kumuuliza mtu. Nikajibu, "Usafi." Kisha aibu ikanishika nikasema kweli: "Sijui. Tulikuta hivyo."

"Yeye mwenyewe ulimuuliza?"

"Hapana, ustadha. Sikumuuliza."

Geti likafunguka kidogo, ukatoka mkono ukamwita. Binti yangu akaingia bila kugeuka, geti likafungwa.

Nilikaa nje mpaka saa nne. Yule mzee alinitolea kiti na maji, akaanza na yeye kunihoji. Je, sekondari wananyoa? Na walimu wa kike je, nao wananyoa? Nikacheka ingawa nilikuwa sina raha.

Binti yangu alitoka na karatasi yenye muhuri. Amepokewa, darasa la nne, aanze Jumapili ijayo. Niliisoma mara tatu. Tukaanza kurudi, nami bila kupoteza muda nikauliza ndani kukoje. Akasema kuna uwanja uliofunikwa paa, na mabomba ya maji ya baridi, na mwalimu mmoja anavaa raba. Walimpa asome, wakampa aandike, kisha wakamuuliza nani kamnyoa.

"Nikawaambia nilikuomba mwenyewe, baba. Nikasema nilikulilia mpaka ukakubali."

"Kwa nini ukasema hivyo?"

"Ningesema ni wewe, wangekukasirikia, halafu wangeninyima shule."

Nikamwambia kwamba mwalimu mkuu msaidizi nilikuwa nimeshamweleza ukweli pale getini, kabla yeye hajaingia. Akasimama.

"Kwa hiyo alijua nadanganya?"

"Alijua."

"Na nafasi akanipa?"

"Akakupa."

Nilichuchumaa palepale mbele ya duka la mikate, nikamwomba radhi. Nilimwambia nilikosea, ilinipasa kumuuliza, na sitamnyoa tena asipotaka mwenyewe. Akaitazama karatasi mkononi mwangu, akataka nimhakikishie kwamba shule hawawezi kuichukua. Nikamwambia hawawezi, ina muhuri. Basi akaweka mikono yote miwili kichwani akalia, kilio alichokizuia tangu jana jioni, na watu wakatoka na mikate yao wakitupita.