Sakafu ya Zege ya Kuliwa

Mume wangu alipata kazi ya kujenga mtambo wa nyuklia ng'ambo, na mtu wa kwanza kumwambia alikuwa mamake. Mimi habari nilizipata jikoni, wiki nzima baadaye, siku mbili kabla ya Idi, mwiko mkononi, nakoroga halwa. Mama mkwe akasema tu, kama mtu anayeulizia chumvi: "Mumeo akishaondoka hiyo miaka yake mitatu, weye na hao watoto wawili si mtahamia kwangu?"

Nampenda yule mwanamume, nisiseme uongo. Ndiye anayemsuka binti yetu asubuhi, akaenda kazini, kiwandani huko Rusayl, na mafuta ya nazi kwenye kanzu yake ya dishdasha. Lakini siku ile nilitaka kumrarua.

Alipoingia sikumpa hata maji.

"Miaka mitatu? Peke yako? Na sisi tubaki mtaani hapa Wattaya tukitazama magari ya kuuzwa madukani?"

"Mke wangu, nisikilize. Ni kazi ya zege. Si ndo fani yangu?"

"Na huo mtambo ukiripuka?"

"Nnachokijengea mimi si mripuko. Mtambo ukiharibika vibaya sana, kiini chake huyayuka, kikatoboa chombo cha chuma, kikamwagika chini. Mimi najenga pahala pa kukidakia."

Nikamwambia sijafahamu, mimi nimeishia sekondari. Akaangaza macho jikoni, akaiona halwa.

Kwao halwa ya Idi haitoki dukani. Hukorogwa nyumbani mpaka mabega yaume, kisha hutiwa kwenye mabakuli yenye kina, igande nene, mgeni aimege kwa vidole. Yeye akanyanyua sufuria, akaimwaga yote kwenye siniya ya wali.

"Bakulini, kati ingebaki moto muda mrefu. Hapa imetandaa, inapoa upesi. Kiini nacho ni hivyo, ila kile hujipikia chenyewe hata mtambo ukishazimwa, miezi na miezi. Kwa hivyo kwanza tunakilisha zege."

"Mnakilisha!"

"Zege la makusudi. Kinalila, kinachanganyika nalo, kinakuwa chepesi, ndo kinatiririka kwenye sakafu pana. Chini ya sakafu mnapita maji, halafu maji yanakifunika na juu."

"Yaani unakwenda kujenga sakafu ili iliwe."

"Moja iliwe. Ya pili isiliwe abadan."

Mamake akatokea mlangoni, akaitazama siniya.

"Mwanangu, hii halwa au chapati? Wageni wangu ntawakunjia?"

Nikacheka, na hasira zangu zote. Lakini sikuwa nimemaliza naye.

"Hiyo sakafu yako ni salama?"

"Salama. Wallahi."

"Wenzako wa kazi hiyo wanachukua wake zao?"

Akaivuta siniya kwake. "Wanachukua. Nyumba zipo."

"Kumbe zipo! Basi sisi tumekukosea nini?"

Akakwangua ukingo wa siniya kwa kidole, hakula. "Hamjanikosea. Hesabu nnaziamini zote, nimezipiga mwenyewe. Nikiwatazama wanangu, siamini hata moja."

Kumbe wiki nzima ile alikuwa na khofu, nami nilishakata shauri kuwa ametuchoka. Matusi niliyomwandalia yakanipotea yote, likabaki moja.

"Mpumbavu weye. Mtu mwenye khofu ndo nnayemtaka amwage hilo zege. Na atalimwaga huku watoto wake wanalala jirani, asije akaridhika na kazi ya juu juu. Waandikie hao waajiri wako watupe nyumba."

"Umefikiri?"

"Weye ulifikiri wiki nzima bila mimi. Andika!"

Mama mkwe alitaka kusema neno, akaniona uso, akavuta kigoda akakaa. Mume wangu akajipangusa vidole, akatoa simu, akaandika pole pole, anafuta, anaandika tena. Alipomaliza hakuutuma ujumbe. Alinipa mimi nisome kwanza.

Alikuwa ameandika: mke mmoja, watoto wawili, twende pamoja au nisiende. Nikabonyeza mwenyewe.