Kisiki Aanguka

Bartholomayo wa Makote alipigana ngumi za kulipwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka yote hiyo mgongo wake haukugusa sakafu ya ulingo. Kushindwa kwa pointi alishindwa, hilo hafichi. Kuanguka, thubutu! Watu wa Newala walimwita Kisiki, na jina lenyewe likamlewesha.

Mama yake, Dominika, hakwenda kumtazama hata siku moja. Alisema hakuzaa mtoto ili aje amwone akidondoshwa mbele za watu. Siku ya pambano alijiendea zake kwenye mikorosho, akapalilia mpaka mtu aje amwambie limekwisha.

Basi daktari wa macho akamwambia Bartholomayo kwamba jicho la kushoto limechoka, akipigwa tena atalipoteza. Alilia, ndiyo, jibaba zima. Mbali na kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, hakuna kazi nyingine aliyoijua. Ndipo akatokea Winfrida, mwongozaji wa filamu wa Masasi, akitafuta bondia wa kweli aigize bondia. Alimwahidi kwamba ngumi zote zitapita hewani, na akifanya vizuri kuna filamu nyingine mbili zinamngoja. Ila mwisho wa hii ni lazima aanguke.

Kumbe hapo ndipo penye kazi! Walirekodi Lisekese, kwenye ulingo wa kamba uliofungwa uwanjani. Mwigizaji mwenzake, Swalehe, kijana mwembamba wa kutia huruma, alirusha ngumi ikapita karibu na kidevu. Bartholomayo akabaki amesimama. Mara ya pili vilevile, na ya tatu. Mara ya nne akaketi chini taratibu kama mgeni aliyekaribishwa mkekani. Watu walivunjika mbavu, isipokuwa Winfrida. Alimwambia kwa upole tu kwamba jua likizama hajaanguka, kesho atamchukua mtu mwingine.

Bartholomayo akakaa pembeni, hofu imemshika. Mwili ulikataa, na jicho lilikuwa limeshamfungia mlango wa ulingoni. Akajiuliza mara ya mwisho alianguka lini. Ilimbidi arudi nyuma mpaka utotoni, alipokuwa na miaka tisa, siku aliyopandisha maji kutoka bondeni, ndoo kichwani, mama yake akiwa mbele. Aliteleza. Goti likatangulia, ubavu ukafuata, lakini mikono ilibaki juu imeing'ang'ania ndoo. Goti lilichanika vibaya, na maji yakabaki. Nani Newala asingefanya hivyo? Ngozi huota tena, lakini maji yale yalikuwa ya kuwatosha siku mbili.

Akarudi ulingoni. Swalehe akarusha. Goti, ubavu, chini! Na mikono yote miwili ikabaki juu ya kichwa, imeshika kitu kisichokuwepo. Winfrida alikuja juu, akauliza bondia gani duniani huanguka hivyo. Kisha akairudia picha kwenye kamera, akaitazama mara mbili, na mwishowe akaagiza iachwe kama ilivyo.

Filamu ilioneshwa kwenye ukuta wa ukumbi, Newala, Jumapili alasiri, na safari hii Dominika alikuja. Bartholomayo alikaa kando yake akiwa na woga ambao hakuwahi kupanda nao ulingoni. Je, mama akiinuka akaondoka? Huo ndio ukawa wasiwasi wake wote, ahadi ya Winfrida aliisahau kabisa.

Pale ukutani, Kisiki akaanguka. Kisha akina mama waliokaa nyuma wakaanza kuguna mmoja mmoja, maana ile mikono waliijua. Bartholomayo alitazama miguu yake. Akahisi kiganja cha mama yake kinatua kwenye goti lake, palepale penye kovu.

"Hukumwaga, baba," Dominika alisema. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, halafu akamuuliza hizo filamu nyingine mbili zinaanza lini.